Mama Mkwe Mwenye Sauti Yangu

Kazi yangu ya kwanza ya sauti niliifanya juu ya pikapu, nimekaa katikati ya spika mbili kubwa kama makabati, nikiwaambia watu wa Ukunda kwamba duka fulani la vyombo limeshusha bei ya sufuria. Asubuhi tulizunguka mitaa ya ndani, mchana tukashika barabara ya Msambweni, na siku nyingine tukapanda mpaka Kwale, ambako makarani wa ofisi za serikali walikuwa wakifunga madirisha kila walipotuona tunakuja. Sauti nilikuwa nayo. Hilo hakuna aliyelibisha. Dereva wetu alikuwa akisema kwamba nikicheka, yeye anaweza kuzima spika na watu wasitambue.

Niliipenda kazi ile. Nilipenda kumwona mwanamke aliyejitwika ndoo akisimama, akageuka, akatabasamu kwa neno nililolisema mimi. Baada ya muda kutaja bei peke yake kukanichosha, nikaanza kubuni watu. Nilimwigiza bibi kizee anayebishana na muuza duka juu ya kifuniko cha sufuria, bibi nikiwa mimi, muuza duka nikiwa mimi, na watoto walikuwa wakitufuata mbio wakitaka kujua bibi atashinda au hatashinda.

Mama hakuipenda hata chembe. Yeye anakaa kwetu Msambweni, na jioni moja nilipokwenda kumwona hakungoja hata nivue viatu.

"Jana umepita hapa na kelele zako za sufuria, na mimi nina wageni. Nimeona haya, mwanangu."

"Haya ya nini, mama? Sikumtukana mtu."

"Sauti ya mtu ni kama uso wake. Wewe yako unaizungusha mitaani haina hata mtandio."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akanitilia chai.

Basi siku moja tulipata pancha Diani, nyuma ya zile nyumba zenye kuta ndefu na bustani. Dereva akashuka na jeki. Mimi nikabaki juu na kipaza sauti changu, nikaona si vibaya bibi kizee aendelee na ugomvi wake. Nilikuwa nimefika pale anapomwambia muuza duka kwamba sufuria ile hata mumewe marehemu angeikataa, geti la nyumba ya karibu likafunguka kwa kishindo. Akatoka mwanamke wa makamo, nywele fupi, miguu mitupu, amekunja uso.

"Zimeni hiyo kitu! Zimeni!"

Nikazima. Nikamwomba radhi. Akasimama mbele ya pikapu, mikono kiunoni, akinitazama. Kiswahili chake kilikuwa cha bara.

"Nyinyi mmeniharibia kazi ya asubuhi yote. Nilikuwa narekodi. Sasa huyo mama mzee ni nani?"

"Mama mzee yupi?"

"Huyo anayegombana."

"Ni mimi."

"Na mwenye duka?"

"Pia ni mimi."

Akashusha mikono kutoka kiunoni. Dereva naye akaacha kuzungusha spana.

"Kesho rudi hapa," akasema. "Lakini bila gari."

Yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji wangu tangu siku hiyo. Kazi yake ilikuwa kuchukua tamthilia za nchi za mbali na kuzitia sauti za Kiswahili, ili yule bwana tajiri wa kizungu unayemwona kwenye skrini akifungua kinywa, atoke na maneno ambayo nyanya yako anayafahamu. Alikuwa amehamia Diani kwa sababu alitaka Kiswahili cha Pwani, alivyosema, na kwa sababu kodi ya ile nyumba ilimfaa. Chumba kimoja alikigeuza studio: kuta zote zimefunikwa magodoro na mablanketi, dirisha limezibwa, feni imezimwa. Ukiingia mle ulisikia damu yako ikipita masikioni. Mimi niliyezoea kupiga kelele barabarani nilisimama katikati ya ukimya ule, ngozi ikanisisimka. Nilijua, kabla sijagusa kipaza sauti, kwamba nataka kufanya kazi humu.

Kwanza nilipewa vipande vya pembeni. Nilikuwa muuguzi anayesema "Daktari anakuja." Nilikuwa wageni wa harusi, nilikuwa jirani anayepiga hodi, nilikuwa kilio cha watu wengi mazikoni. Nikajifunza mambo madogo madogo ambayo hakuna anayekuambia mpaka uharibu. Buibui la kitambaa kigumu huchakacha, kwa hiyo nikawa nakwenda na gauni la pamba na leso. Bangili zilibaki nyumbani. Ukila viazi karai kabla ya kurekodi, tumbo lako nalo litataka kuigiza. Na kunguru wa Diani wanapotua juu ya paa la mabati, wote mnakaa kitako kuwangoja waondoke, maana hakuna godoro linalomzuia kunguru.

Kisha dada aliyekuwa akimsemea mama mkwe akapata kazi Mombasa, akaondoka tamthilia ikiwa katikati. Mwongozaji akaniita.

Niwaeleze kidogo kuhusu huyo mama mkwe. Kwenye tamthilia alikuwa mke wa tajiri, anakaa kwenye nyumba ya vioo kando ya bahari ya baridi, na mwanawe wa pekee amemwoa msichana maskini. Mama huyo alimchukia mke wa mwanawe kama ukoma. Lakini hakupaza sauti hata mara moja. Alitabasamu, akamimina chai, akasema jambo dogo, na msichana wa watu akaenda kulia chooni. Nilimpenda papo hapo. Nilikwenda nyumbani kwangu Ukunda nikaruka ruka chumbani kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilisoma mstari, mwongozaji akasimamisha. Nikasoma tena, akasimamisha.

"Unatangaza," aliniambia. "Kila sentensi unaniuzia sufuria."

"Nimeshusha sauti."

"Umeshusha sauti, lakini bado unauza."

Aliyeniokoa alikuwa mwenzangu mmoja wa mle studioni, mzee aliyekuwa akimsemea mume wa mama mkwe. Alikuwa mwalimu huko Kwale miaka mingi, amestaafu, na alikuwa na sauti nzito iliyotulia, sauti ya mtu ambaye darasa lilinyamaza alipofungua mlango. Wakati wa chai aliniita uani, chini ya kamba ya nguo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie ule mstari wako."

Nikausema.

"Umewaambia watu wangapi?"

Sikumwelewa.

"Nimesikia umeuambia uwanja mzima. Mimi niko peke yangu hapa." Akavuta kiti chake karibu. "Niambie mimi." Nikasema. Akavuta karibu zaidi. "Bado kuna wageni nyuma yangu. Waondoe." Nikasema tena, na tena, na kila mara akisogea, mpaka nikawa nasema kwa sauti ambayo ungeitumia kwa mtu aliyelaza kichwa begani mwako. Hapo akainua kidole.

"Enhe. Sasa nimeogopa."

Tulirudi ndani mbio. Nikamwambia mwongozaji asiseme neno, abonyeze tu. Nikauvuta ule mstari kutoka tumboni, nikamwambia mtu mmoja tu, msichana yule wa kwenye skrini, na kwenye hedifoni nikasikia mwanamke ambaye sijawahi kukutana naye. Mwongozaji hakusimamisha. Akaacha kipande chote kipite, kisha akavua hedifoni yake akanitazama.

"Sawa," akasema. Kwa watu wengine hilo si neno kubwa. Kutoka kwake lilikuwa zawadi.

Basi kazi ikanishika. Asubuhi nililala chali sakafuni na mfuko wa mchele juu ya tumbo, nikiuinua kwa pumzi. Nilisoma mabango ya barabarani kwa sauti ya mfiwa, ya mlevi, ya bibi harusi. Nilifundishwa pia na midomo. Kiswahili chetu kina maneno marefu, na wale watu wa kwenye tamthilia walikuwa wakifungua vinywa mara mbili tu wakamaliza. Siku moja tulikwama. Mama mkwe anafungua mlango, anamkuta mke wa mwanawe amesimama mvuani, na anasema neno fupi sana. Skripti yetu iliandikwa: "Sikutarajia kukuona hapa nyumbani kwangu." Nikijaribu kuyabana maneno yote hayo, midomo yake ilikuwa imeshafungwa mimi nikiwa bado niko "kukuona".

"Tupunguze," nikasema.

"Punguza vipi? Ndiyo maana yake hiyo."

Nilimtazama mama yule kwenye skrini, kidevu kimeinuka, macho yanashuka taratibu mpaka kwenye viatu vya msichana vilivyojaa matope. Nikawaza: mama wa kwetu, mwenye jeuri, angesemaje? Nikaomba tujaribu.

"Kumbe wewe."

Yakaingia kwenye midomo kama mguu kwenye kiatu chake. Mwalimu alipiga goti lake kwa kiganja akasema, "Alaa!" na ikabidi turudie kwa sababu kofi lake lilirekodiwa. Tangu hapo mwongozaji akawa ananiachia skripti ya mama mkwe niipitie kwanza, na nilikuwa nikikaa nayo kibarazani nikikata, nikinyoosha, nikitafuta lile neno ambalo mtu wa kwetu angelisema bila kufikiri.

Kulikuwa na kipande kimoja kilichonishinda. Mwana anamwacha mama yake, anakwenda na mkewe, na mama mkwe, ambaye hajawahi kulia, anapokea simu kutoka kwake. Kwenye skrini amekaa kwenye kiti kikubwa, ametugeuzia mgongo. Nililia kwa namna zote nilizozijua. Nilitoa kwikwi, nilitetemesha sauti, nilivuta kamasi. Mwongozaji akasimamisha mpaka akachoka.

"Unawalilia watazamaji, haulii," akasema. "Nenda nyumbani. Turudi wiki ijayo."

Nikaenda Msambweni. Nilimkuta mama amekaa jikoni anachambua mchicha, simu imebanwa kati ya bega na sikio. Alikuwa akizungumza na kaka yangu, anayefanya kazi ughaibuni, na ambaye alikuwa ametuahidi kurudi kwa Idi. Sikusikia alichokuwa akiambiwa. Niliona tu mikono ya mama imesita juu ya mchicha.

"Haya, mwanangu," akasema. "Haidhuru. Kazi ni kazi." Kisha akatua kidogo. "Unakula lakini?"

Sauti yake haikupanda. Haikutetemeka. Ilishuka, ikawa ya kawaida mno, kama anauliza habari za mvua, na lile neno la mwisho likatoka halina pumzi nyuma yake. Akaagana naye, akaiweka simu juu ya stuli, akaendelea kuchambua mchicha. Aliniona nimesimama mlangoni.

"Hatakuja," akasema.

"Nimesikia."

Nilikaa nikamsaidia kuchambua, na moyoni nilikuwa na mambo mawili kwa pamoja: nilimhurumia mama yangu, na nilikuwa nimeisikia ile sauti. Wiki iliyofuata niliingia studioni, nikaomba taa ipunguzwe, nikampa mama mkwe maneno ya mama yangu, kwa sauti ya kawaida mno. Nilipomaliza, mwalimu alikuwa amegeukia ukuta wa magodoro. Mwongozaji akatoka nje bila kuzima mashine.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, sikumwambia mama ni ipi. Alijua nafanya kazi ya kurekodi, lakini kwake ilikuwa kama kazi ile ya sufuria tu, ila ndani ya nyumba. Nilikwenda kwetu kipindi kikiwa kimeshashika kasi, nikakuta sebule imejaa. Majirani wanawake walikuwa wamekaa mikekani, wengine wamekuja na watoto, sahani ya kaimati katikati, na kila mtu anamkemea mwenzake anyamaze. Nikajipenyeza karibu na mlango.

Akatokea mama mkwe. Mlango ukafunguka, msichana amesimama mvuani, viatu vina matope.

"Kumbe wewe," akasema.

Sebule ililipuka. "Mlaaniwa mkubwa!" "Tazama jicho lake!" Jirani yetu mmoja, mwanamke mnene mwenye huruma, aliirushia televisheni leso yake. "Huyu Mungu amlipe hapa hapa duniani! Aozee kwenye hicho kiti chake!"

Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mtandio, machozi ya kicheko yananitoka. Sikujua kama nijifiche au nipige vigelegele. Ndipo mama, aliyekuwa amekaa karibu kabisa na televisheni, akainua mkono.

"Jamani, msimlaani."

"Kwa nini tusimlaani? Kwani hukumsikia?"

"Nimemsikia," mama akasema, bado anatazama mbele. "Ni mwanangu yule."

Walimgeukia yeye kwanza, wakidhani anatania. Kisha wakanigeukia mimi. 

"Sema basi," yule jirani mnene akaniamuru. "Sema tusikie."

Nikavuta pumzi. Nikainua kidevu, nikayashusha macho mpaka kwenye miguu yake.

"Kumbe wewe."

Kelele zilizofuata sijapata kuzisikia tena. Mmoja alimkumbatia mwenzake kwa hofu, mtoto akalia, jirani akanipiga begani kwa nguvu kisha akanibusu mahali pale pale aliponipiga. Tulikosa nusu ya kipindi. Walitaka kujua kama yule mama atakufa, kama mwana atarudi, kama msichana ana mimba. Niliapa kwamba sijui. Nilijua yote.

Tangu hapo sokoni Msambweni hapakutembeka. Muuza samaki mmoja alikataa kunipimia samaki aina ya changu mpaka nimwombe radhi mke wa mwanangu. Wasichana wa shule walikuwa wakiambiana "Kumbe wewe" barabarani, wameinua videvu. Nilikuwa nikipita kati yao hakuna anayenijua kwa sura, na furaha yake siwezi kuieleza vizuri. Ilikuwa kama kusikia jina lako likitajwa kwenye nyumba ambayo hujawahi kuingia.

Kile kipande cha simu kilionyeshwa baadaye. Nilihakikisha niko nyumbani. Safari hii wanawake walikuwa wamekuja mapema, wakitaraji uovu mpya. Mama mkwe akakaa kwenye kiti kikubwa, akatugeuzia mgongo, akapokea simu. "Haya, mwanangu. Haidhuru. Unakula lakini?" Hakuna aliyerusha leso. Yule jirani mnene, aliyemwombea aoze, alifuta macho kwa kiganja akasema pole pole, "Maskini, naye ni mama."

 Mama yangu alisubiri mpaka wageni wakaondoka na vyombo vikaoshwa. Tulikuwa wawili uani, ananipa sahani moja moja niifute.

"Siku ile ulinisikia."

"Nilikusikia, mama."

"Ile ni sauti yangu."

Nikaacha kufuta. "Ni yako. Umekasirika?"

Aliigeuza sahani aliyokuwa ameishika. "Na wameisikia watu wote?"

"Nchi nzima."

Akavuta mtandio wake mbele kidogo, kama mtu aliyejiwa na wageni wa heshima. "Basi umeisema vizuri," akasema. "Lakini pale kwenye 'unakula', umewahi kidogo. Mimi nilingoja."

Alisema kweli. Niliwahi kidogo. Kesho yake nilipomwambia mwalimu, alicheka mpaka akashika mbavu, akasema nimlete mama studioni, tumpe kazi. Mama alikataa, lakini si kwa nguvu. Sasa kila kipindi kikiisha hunipigia simu, na kabla ya salamu kumalizika huniambia ni wapi nilikimbia na ni wapi niliburuta.

Tamthilia ile ilikwisha, na kazi nyingine zikaja. Nimekuwa malkia, nimekuwa mfungwa, nimekuwa mashine inayokuambia mlango umefungwa. Kila sauti mpya inanitia wazimu ule ule wa siku ya kwanza. Mwezi huu tumepata katuni ya watoto, na mwongozaji amenipa mbuzi jike mwenye kiburi anayeongoza kundi zima. Mwalimu ndiye fisi, na amefurahi kupita kiasi.

Kwa hiyo juzi nilikwenda Kinango siku ya mnada wa mifugo. Vumbi lilikuwa juu, wanunuzi wanabana mbavu za mbuzi, wauzaji wanaapa. Nilijibanza kwenye ua wa miti, karibu na mbuzi mmoja mweupe mwenye ndevu na dharau usoni, nikafumba macho. Nilisikia kumbe mbuzi hasemi "mee" kama tunavyowafundisha watoto. Sauti yake inaanzia kooni, inakwaruza, inapasuka katikati, na mwishoni kuna kitu kama swali. Mfanyabiashara mwenye mifugo ile alinitazama kwa muda, kisha akanisogelea.

"Dada, unanunua au unatazama?"

"Ninasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Huyu hapa."

Akamtazama mbuzi wake, akanitazama mimi, akamwita mwenzake aje ashuhudie. Sikuona haya. Nilijaribu ile sauti, kooni kwanza, nikaiacha ikwaruze, nikaipasua. Mbuzi mweupe akageuza kichwa, akanijibu.

"Lahaula!" akasema mfanyabiashara. "Umemwambia nini?"

"Sijui. Lakini amejibu."

"Hebu rudia."

Nikarudia, pole pole zaidi, nikaliacha lile swali lining'inie mwishoni, na zizi zima likaitika kwa pamoja.